Kuwatafuta Watu Ndani ya Mahame: Mwongozo Kamili kwa Mpiga Picha

Picha za majengo yaliyotelekezwa zimejaa mitandaoni, na nyingi zinafanana: rangi inayobanduka ukutani, kiti kimoja katikati ya chumba, miale ya jua ikipenya paa lililotoboka. Zinavutia, sikatai. Lakini muulize aliyepiga ni nani alikuwa akikikalia kile kiti, na mara nyingi hana jibu. Hata chumba chenyewe hajui kama kilikuwa wodi, darasa au ofisi ya mhasibu.

Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kujua. Kuoza kwa jengo ni sura yake ya mwisho tu. Kabla ya hapo watu waliamkia humo, wakafanya kazi, wakagombana, wakazaliana, na miili yao iliacha alama kwenye mbao, lipu na chuma. Alama hizo zinasomeka, na kamera ni chombo kizuri cha kuzisomea kama ukifuata utaratibu.

Hatua ya kwanza: anza na karatasi

Kabla ya kufika, tafuta mambo manne: jengo lilijengwa lini, lilijengwa na nani, lilitumika kwa kazi gani, na watu waliondoka kwa nini. Hilo la nne lina uzito kuliko mengine, kwa sababu namna watu walivyoondoka ndiyo inayoamua walichokiacha.

Mji wa Pripyat nchini Ukraine ulihamishwa tarehe 27 Aprili 1986, siku moja baada ya kinu namba nne cha Chernobyl kulipuka. Wakazi waliambiwa wabebe mahitaji ya siku tatu tu, wakaacha nyuma karibu kila kitu cha maisha yao. Kolmanskop huko Namibia ulikufa polepole. Almasi ilipatikana mwaka 1908, mji ukanawiri, kisha mwaka 1928 maeneo tajiri zaidi yakagunduliwa upande wa kusini na watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, hadi wa mwisho walipofunga milango mwaka 1956. Ndiyo maana leo utakuta vyumba vitupu vilivyojaa mchanga, si meza zenye sahani. Anayejua historia hiyo hatadhani kwamba nyumba ziliporwa, wala hatapoteza siku nzima akitafuta vitu ambavyo wenyewe walivifungasha na kuondoka navyo.

Majibu utayapata wapi? Ramani za zamani ni mwanzo mzuri. Kwa miji ya Marekani kuna ramani za bima ya moto za kampuni ya Sanborn, zilizoanza kuchorwa mwaka 1867. Zinaonyesha kila jengo, idadi ya ghorofa, vifaa lilivyojengewa na mara nyingi hata kazi iliyofanyika ndani, na Maktaba ya Bunge la Marekani imeweka nyingi mtandaoni bure. Kwa Uingereza, Maktaba ya Taifa ya Scotland ina ramani za vipindi mbalimbali unazoweza kuzilaza juu ya picha ya setilaiti ya leo. Kwa nchi ambazo ramani zake ni chache, jaribu picha za setilaiti za kijasusi za Marekani ziitwazo Corona, zilizopigwa kati ya 1960 na 1972 na kuondolewa usiri mwaka 1995. Zinafunika sehemu kubwa ya dunia, na zinaweza kukuonyesha kama kijiji unachokitafuta kilikuwa kimesimama miaka hiyo.

Kutoka ramani nenda kwenye majina. Rejista za ardhi, magazeti ya zamani, vitabu vya anwani za mji, rejista za ubatizo na mazishi, na sensa. Sensa hufichwa kwa muda: Marekani huzifungua baada ya miaka 72, kwa hiyo ile ya 1950 ilifunguliwa mwaka 2022. Uingereza na Wales hungoja miaka 100, na ile ya 1921 ilifunguliwa mwaka huohuo wa 2022. Kwa magazeti ya Australia kuna hazina ya bure iitwayo Trove.

Chapisha ramani au mchoro wa jengo uende nao. Utauandikia juu yake kila utakachokiona, na baadaye utakufaa kuliko picha nyingi.

Hatua ya pili: ruhusa, kisha usalama

Hakuna jengo lisilo na mwenyewe. Hata lililomea miti ndani lina hati mahali fulani, iwe ya mtu binafsi, kampuni, benki au serikali. Mtafute mwenyewe, mwandikie, eleza unataka kufanya nini na picha zitakwenda wapi. Wengi huichukulia ruhusa kama kikwazo cha kisheria, mimi naihesabu kuwa sehemu ya utafiti. Mlinzi anayekufungulia lango mara nyingi ndiye anayejua bweni lilikuwa upande gani, moto ulianzia wapi, na nani aliyefanya kazi pale bado yu hai. Aliyeruka ukuta usiku hapati lolote kati ya hayo.

Usiingie peke yako. Mtu aliyebaki nje ajue uko wapi na utatoka saa ngapi.

Sakafu ndiyo inayoumiza wengi. Kwenye sakafu ya mbao, mstari wa misumari unaonyesha boriti ilipo. Kanyaga juu ya mstari huo au pembeni karibu na ukuta, usikatishe katikati ya chumba. Kwenye ngazi pia pita upande wa ukutani. Mbao nyeusi, yenye unyevu au yenye uyoga ihesabu kama shimo. Dari iliyobonyea usipite chini yake hata kama picha nzuri iko upande wa pili.

Hatari nyingine hazionekani. Majengo mengi ya karne ya 20 yana asbesto kwenye mabati ya saruji, vigae vya sakafuni na vifuniko vya mabomba ya mvuke. Nyuzi zake ukizivuta leo, ugonjwa unaweza kuja baada ya miaka 20 au zaidi. Kitambaa au barakoa ya kawaida ya hospitali haikukingi. Inatakiwa ile ya kichujio cha daraja la P3 au P100, iliyokaa vizuri usoni bila mwanya. Kinyesi cha popo na ndege kilichokauka hubeba vimelea vya ukungu vinavyoshambulia mapafu, kwa hiyo usikitimue. Mashimo ya migodi, matangi, visima na vyumba vya chini visivyo na hewa usivishukie kabisa: hewa yenye oksijeni kidogo haina harufu wala haitoi onyo.

Hatua ya tatu: vifaa

Kamera yoyote inayokuruhusu kupanga mwanga kwa mkono inatosha. Beba lenzi pana isiyopotosha sana, ya milimita 24 au 35, na nyingine ya kupiga vitu vidogo kwa karibu. Stendi ya miguu mitatu ni lazima, maana ndani ni giza. Tochi mbili: moja ya kutembelea, nyingine ndogo yenye mwanga sawia ya kumulikia kuta. Rula fupi, daftari, penseli, viatu vya soli ngumu, glavu, betri za akiba. Na kama chanjo yako ya pepopunda ni ya zamani, pata nyingine kwanza.

Hatua ya nne: ingia bila kupiga

Tembea jengo zima, au sehemu iliyo salama, kamera ikiwa begini. Fuata njia ambayo wenyewe wangeifuata. Mfanyakazi wa kiwandani hakuingilia mlango wa mkurugenzi. Mgonjwa hakupitia jikoni. Tafuta lango la wafanyakazi, mlango wa mizigo, mlango wa watoto, kisha tembea kutoka hapo. Njia hiyo itakufundisha mambo ambayo ramani haisemi: nani alikuwa anamwona nani, nani alipita kwenye mvua, nani alitengwa na nani kwa ukuta au kwa ngazi ya peke yake.

Katika mzunguko huu jiulize pia nani hayumo. Watalii wanaokwenda Kolmanskop hupiga nyumba za Wajerumani zenye mchanga hadi madirishani. Jiwe la kwanza la almasi liliokotwa na Zacharias Lewala, mfanyakazi wa reli, akampelekea msimamizi wake August Stauch, na aliyetajirika ni Stauch. Vibarua wa Kiovambo waliochimba kwa mkataba walilala kwenye makambi, hawakulala katika nyumba zile nzuri. Kisiwa cha Hashima huko Japani kina hadithi ya namna hiyo. Mwaka 1959 kilikuwa na wakazi 5,259 kwenye eneo dogo la hekta sita na ushei, na maghorofa yake ya zege hupigwa picha kama maajabu ya ujenzi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wakorea na Wachina walilazimishwa kuchimba makaa ya mawe chini ya bahari palepale. Ukipiga jengo zuri zaidi tu, umerudia kauli ya mwenye mali. Tafuta mabweni, vyoo, jiko, chumba cha walinzi. Kama hayapo tena, piga picha ya uwanja mtupu yalipokuwa na useme hivyo kwenye maelezo yake.

Hatua ya tano: soma alama

Hapa ndipo penye utamu wa kazi hii, na ndipo nakuomba usiwe na haraka.

Alama za watu nazigawa katika makundi matatu: zilizotokana na kuchakaa, zilizotokana na kutengeneza, na zilizoandikwa. Mpiga picha mgeni hukimbilia zilizoandikwa. Mimi naanza na kuchakaa, kwa sababu hakuna aliyekusudia kuacha alama hizo, kwa hiyo hazina sababu ya kudanganya.

Chukua chumba cha kubadilishia nguo katika kiwanda kilichofungwa. Mwenye haraka ataona safu mbili za makabati yenye kutu, atapiga, ataondoka. Wewe kaa. Zege mbele ya safu ya kushoto limelainika na kung'aa, la kulia bado lina chembe za mchanga. Huenda upande wa kulia haukujaa kamwe, au uliachwa mapema wafanyakazi walipoanza kupunguzwa. Ndani ya mlango wa kabati moja kuna madoa manne ya gundi, yamepangika kwa ukubwa wa picha ndogo: mtu alibandika sura aliyotaka kuiona kila asubuhi kabla ya zamu, na alipoondoka aliibandua akaondoka nayo. Kwenye kabati jingine namba imepakwa mara tatu, 41 juu ya 17 juu ya nyingine isiyosomeka, ishara kwamba makabati yalirithiwa na kupangwa upya. Mahali pamoja kuna msumari uliogongwa chini sana ya kulabu rasmi, uliopindwa kwa juu ili koti lisidondoke. Aliyeugonga hakuifikia kulabu vizuri; pengine alikuwa kijana mdogo. Na karibu na mlango wa kutokea, kwa urefu wa bega, rangi ya ukuta imekuwa nyeusi na laini kama ngozi kwa mafuta ya nguo za kazi. Hapo watu walisimama wakaegemea, siku baada ya siku, wakingoja king'ora.

Hizo tayari ni picha tano. Zote ziko ndani ya chumba ambacho wengine hukipiga mara moja.

Katika nyumba za kuishi, angalia kizingiti kilichobonyea katikati, kitasa kilichoisha rangi, mikwaruzo ya mbwa chini ya mlango, duara la masizi palipokuwa na jiko, na mistatili myeupe ukutani palipoangikwa picha. Angalia urefu wake. Picha zilizoangikwa chini zaidi ya kawaida huwa karibu na kitanda au kiti ambacho hakipo tena. Fremu za milango zichunguze kwa tochi, kwani wazazi wengi hupima watoto hapo kwa penseli. Mistari hiyo ikiwa na tarehe, usisome zilizopo tu. Tazama pale ambapo mtoto mmoja anaendelea kupanda na mwingine anaishia njiani, au ambapo kipimo kinaruka miaka kadhaa kisha kinarejea. Jibu lake hulipati ukutani. Liandike kama swali, utalipeleka kwenye rejista na kwa wazee.

Kutengeneza nako kunasema. Bawaba iliyofungwa kwa kipande cha mkanda wa mashine, kioo kilichozibwa kwa bati la kopo, ngazi iliyoongezwa ubao. Matengenezo ya namna hiyo yakiwa mengi katika safu ya mwisho ya rangi, kuna uwezekano mkubwa kwamba fedha zilikuwa zimekwisha muda mrefu kabla ya mahali kufungwa, na waliobaki walikuwa wakipashikilia kwa mikono yao.

Hatua ya sita: weka tarehe

Kanuni moja inatosha kukuepusha na makosa mengi: kitu kipya kuliko vyote ndani ya safu iliyofungwa ndicho kinachokuambia safu hiyo haiwezi kuwa ya kabla ya lini. Gazeti la 1952 lililotandikwa chini ya zulia la plastiki linamaanisha zulia lilitandikwa 1952 au baadaye. Halimaanishi nyumba ilijengwa mwaka huo, wala kwamba watu waliondoka mwaka huo.

Kuna vitu vidogo vinavyosaidia karibu popote. Skrubu yenye kichwa cha msalaba haikuenea kabla ya nusu ya pili ya miaka ya 1930. Chupa ambayo mshono wake unapanda hadi kwenye mdomo ilitengenezwa kwa mashine kamili, teknolojia iliyoanza mwanzoni mwa karne ya 20. Mshono ukiishia shingoni, huenda ni ya zamani zaidi. Chupa ya pombe ya Marekani yenye onyo la sheria ya shirikisho la kukataza kuitumia tena ni ya kati ya 1935 na 1964. Maneno "Made in West Germany" yanakubana kati ya 1949 na 1990. Pakiti yenye mistari ya msimbo haiwezi kuwa ya kabla ya miaka ya 1970, kwani bidhaa ya kwanza kusomwa dukani kwa mfumo huo ilisomwa Juni 1974. Anwani ya Marekani yenye namba tano za posta mwishoni ni ya 1963 au baada yake.

Kalenda ukutani inavutia kuliko vyote, na ndiyo ya kuiamini kidogo kuliko vyote. Watu huacha kalenda ya zamani kwa sababu ya picha yake.

Hatua ya saba: piga kwa mpangilio

Kila chumba anza na picha kutoka mlangoni, kisha kutoka kila kona inayofikika. Hizi hazitakuwa nzuri, nazo hazihitaji kuwa nzuri. Kazi yake ni kuonyesha kila kitu kilikuwa wapi. Baada ya hapo sogea: kwanza kitu pamoja na kinachokizunguka, kisha kitu chenyewe, kisha undani wake. Picha ya kitasa bila ya mlango, na ya mlango bila ya chumba, baada ya miaka michache haitakuambia chochote.

Weka kamera kwenye stendi, ikae sawasawa bila kuinamia juu wala chini ili kuta zisielekee kuanguka. ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) iwe 100 au 200, upenyo wa lenzi f/8 hadi f/11, na shata ifunguke kwa muda itakaohitaji. Dirisha likiwa na mwanga mkali na kona ikiwa na giza, piga tatu mfululizo: ya kawaida, moja yenye mwanga pungufu kwa hatua mbili, nyingine yenye mwanga zaidi kwa hatua mbili, uziunganishe baadaye. Hifadhi faili ghafi (RAW). Urefu wa kamera uwe urefu wa macho ya aliyekitumia chumba: katika darasa la chekechea shusha stendi mpaka kimo cha mtoto, na chumba kizima kitabadilika mbele yako.

Kwa mwanga, siku ya mawingu ndiyo rafiki. Bernd na Hilla Becher, waliopiga minara ya maji, vinu na mitambo ya viwandani huko Ulaya na Marekani kuanzia mwaka 1959, walichagua anga la mawingu ili kivuli kisifiche umbo. Picha zao hazina maigizo yoyote, na leo mingi ya mitambo ile imekwisha bomolewa na picha ndizo zilizobaki kama ushahidi. Ningependa wapiga picha wengi wa mahame wajifunze hilo kwao. Rangi zilizoongezwa chumvi na mawingu meusi ya kompyuta hufunika hasa zile alama ndogo ulizokwenda kuzitafuta.

Kila baada ya chumba simama uandike: namba ya kwanza na ya mwisho ya picha, chumba kwenye mchoro, na ulichokiona ambacho kamera haikushika, kama harufu ya mafuta ya mashine au mlango unaofungukia nje.

Hatua ya nane: maandishi yaliyofifia

Mafundi huandika hesabu zao kwenye lipu, wafungwa huhesabu siku, watoto huandika majina chini ya madawati. Mengi hayaonekani kwa mwanga wa kawaida.

Kilichochongwa au kubonyezwa kinahitaji mwanga wa mshazari. Funga kamera kwenye stendi, ielekee ukuta moja kwa moja, zima flashi. Laza tochi karibu igusane na ukuta, umulike kutoka kushoto, kisha kutoka juu, kisha kulia, na kila mara piga. Herufi zisizoonekana upande mmoja huibuka upande mwingine. Penseli ni tofauti: risasi yake hung'aa kama chuma, kwa hiyo zungusha tochi taratibu mpaka mistari imetemete, na hapo ndipo upige. Wino na rangi iliyopauka piga kwa mwanga sawia, kisha nyumbani itie kwenye DStretch, programu iliyotengenezwa na Jon Harman kwa ajili ya michoro ya miambani. Hutenganisha rangi zinazokaribiana ambazo jicho haliwezi kuzitofautisha. Karatasi ya kukaushia wino ukiikuta, igeuze kushoto-kulia kwenye kompyuta uone kama inasomeka.

Usilowanishe ukuta, usisugue kibao cha chuma, usipake chaki juu ya maandishi. Ukifanya hivyo herufi zitasomeka leo tu, na kesho hazitakuwepo.

Hatua ya tisa: usiguse, na washuku waliotangulia

Usisogeze kitu. Kiatu kilichoko chini ya kitanda kina maana kwa sababu kiko chini ya kitanda. Ukikihamishia dirishani penye mwanga mzuri, umetunga hadithi na kuifuta ya kweli. Kubeba ni vibaya zaidi. Katika mji wa Bodie huko California, uliokuwa wa wachimba dhahabu na sasa ni hifadhi ya jimbo, imevumishwa laana inayowaandama wanaookota vitu, na wageni wengi wamevirudisha kwa posta pamoja na barua za kuomba radhi. Msumari unarudi, ila hakuna tena anayejua ulitoka nyumba gani.

Tatizo ni kwamba waliokutangulia huenda hawakuwa na nidhamu hiyo. Pripyat ni mfano mzuri. Wanasesere waliokalishwa wakiwa wamevishwa barakoa za gesi walipangwa hivyo na wageni. Fanicha nyingi zilitupwa wakati wa usafishaji wa mionzi au ziliporwa. Na bwawa la kuogelea la ndani, ambalo kila mtu hulipiga kama ishara ya siku ile ya 1986, liliendelea kutumiwa na wafanyakazi wa usafishaji hadi miaka ya 1990. Kwa hiyo kila unapokuta mpangilio unaogusa moyo kupita kiasi, tazama vumbi. Kama chini ya kitu kuna vumbi sawa na pembeni, au pembeni kuna umbo safi palipokaa zamani, kimehamishwa. Kipige hivyohivyo kilivyo, na uandike hivyo.

Hatua ya kumi: rudi kwa walio hai

Chapisha picha, angalau kwa ukubwa wa karatasi ya kawaida, kwa sababu wazee wengi huishika picha mkononi na kuisogeza kwenye mwanga, jambo ambalo skrini ya simu haiwapi. Watafute kupitia vyama vya wastaafu, nyumba za ibada, walimu wa zamani, na yule mlinzi wa langoni.

Usianze na "unakumbuka nini?" Swali pana hivyo hupata jibu la jumla. Weka picha ya chumba mezani uulize: mlikuwa mnaingilia wapi? Nani alikaa karibu na dirisha? Kelele ilikuwa kiasi gani? Huu msumari ni wa nini? Kisha nyamaza. Akikusahihisha, shukuru na uandike, hata kama dhana yako uliipenda. Ile sehemu nyeusi ukutani uliyodhani ni ya kungojea king'ora inaweza kuwa palipokuwa na simu pekee ya jengo. Omba ruhusa kabla ya kurekodi sauti, na uliza pia anataka jina lake litajwe au la. Wengine mahali pale paliwaumiza. Yule anayekataa kutazama picha ana haki yake, usimbembeleze.

Ushuhuda upimie kwenye karatasi na karatasi uipimie kwenye ushuhuda. Rejista ya mwajiri haiandiki ajali zote, na kumbukumbu ya mtu huchanganya miaka. Vikipishana, weka vyote viwili.

Hatua ya kumi na moja: maelezo, faragha na uhifadhi

Kila picha unayochapisha ibebe maelezo yanayotenganisha mambo manne: kinachoonekana, kilichoandikwa kwenye kumbukumbu, alichosema mtu, na unachokisia wewe. "Msumari chini ya kulabu. Huenda ulikuwa wa kijana" ni sentensi ya uaminifu. "Msumari wa mtoto aliyefanyishwa kazi" si uaminifu, mpaka uwe na ushahidi.

Nyaraka za watu zinahitaji tahadhari. Ukikuta faili za wagonjwa, ripoti za shule au barua za mapenzi, usizisambaze. Mjulishe mwenye jengo na hifadhi ya nyaraka iliyo karibu ili zichukuliwe kabla mvua haijazimaliza. Mwaka 1995, hospitali ya magonjwa ya akili ya Willard katika jimbo la New York ilipofungwa, kwenye chumba cha darini yalikutwa masanduku takriban 400 ya wagonjwa walioingia nayo humo na hawakutoka nayo. Jumba la Makumbusho la jimbo liliyahifadhi, na baadaye mpiga picha Jon Crispin akayapiga moja baada ya jingine: brashi za nywele, barua, vifaa vya kushonea. Sheria za faragha hazikumruhusu kutaja majina kamili ya wenye masanduku. Kuna wanaoamini wagonjwa wale wamenyimwa majina yao mara ya pili, na nawaelewa. Hata hivyo uamuzi huo ni wa jamaa na sheria. Mpiga picha hana mamlaka ya kujiamulia mwenyewe. Unachoweza kufanya ni kuwatafuta jamaa.

Kabla ya kuchapisha, futa taarifa za mahali zilizofichwa ndani ya faili kama jengo halilindwi, la sivyo waporaji watalifuata kupitia picha yako. Nakala zako mwenyewe ziache na taarifa zote. Tunza nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mbali na nyumbani. Kisha seti kamili, pamoja na zile picha za kona zisizopendeza, mchoro ulioandikiwa na daftari, ipeleke kwenye hifadhi ya nyaraka au maktaba ya eneo husika. Na wale waliokaa nawe mezani wapelekee picha walizozichagua, zikiwa zimeandikwa nyuma jina la chumba na mwaka.